Mama kijacho mwenye valvu ya chuma: kusukuma au kisu, ganzi ya mgongo au nusu kaputi?

Usiku thieta ikishatulia, AC imezimwa kwa sababu mtoto anakaribia kutoka na hatutaki apigwe na baridi, kuna mama ukisimama pale kichwani kwake unasikia tik tik tik, kama kuna mtu kasahau saa ya ukutani chini ya mto. Sio mashine. Ni yeye mwenyewe, ile valvu yake inafungua na kufunga kifuani. Sisi tunaiita ya chuma ingawa vile visahani viwili vyenyewe vimetengenezwa kwa kaboni.

Mi kazi yangu ni usingizi, yaani ndo yule anayekaa kichwani kwako wenzake wakiwa tumboni. Swali ninaloulizwa na kina dada wenye valvu bandia, na waume zao, na kuna siku na mama mkwe mtu kwenye benchi pale nje, ni moja tu: ipi bora? Azae kawaida au apasuliwe, achomwe ya mgongo au alazwe kabisa? Na mimi kabla sijajibu nauliza langu, ambalo huwa linawaudhi kidogo: dawa gani ya kuyeyusha damu imeingia mwilini mwake wiki hizi mbili, na ya mwisho kaipata saa ngapi? Maana hiyo dawa ndo inayochagua njia. Sisi wengine wote na ujuzi wetu tunachagua kwenye kile ilichobakiza.

Kwa hiyo nalinganisha kwa mpangilio huo: dawa kwanza, halafu njia ya kuzaa, halafu ganzi. Ukianzia kwenye ganzi utapotea.

Ila neno moja kwa dada ambaye bado hajafanyiwa operesheni ya moyo. Huku kwetu valvu nyingi zinaharibika kwa tonsesi za utotoni ambazo hazikutibiwa vizuri, zikaleta homa ya viungo ikaenda mpaka kwenye moyo, kwa hiyo wanaobadilishiwa valvu wengi ni mabinti, wakiwa umri ule ule wa kuolewa na kuzaa. Valvu ya chuma inadumu, mtu anaweza akazeeka nayo, ila atameza warfarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Valvu ya tishu, ya ng'ombe au nguruwe (na kwa wagonjwa wengi Waislamu hili la nguruwe ni swali, uliza mapema, za ng'ombe zipo), mara nyingi haihitaji warfarini kwa muda mrefu, ila kwa kijana inachakaa haraka, miaka 10 au 15 na mara nyingine chini ya hapo, na operesheni ya pili ya moyo sio mchezo. Tofauti wakati wa ujauzito ni kubwa. Kuna rejista ya kimataifa ya wajawazito wenye magonjwa ya moyo, inaitwa ROPAC, mwaka 2015 walitoa majibu: kina mama 212 wenye valvu ya chuma, waliofika mwisho na mtoto hai bila tatizo lolote kubwa walikuwa 58 kwa 100, wa tishu walikuwa 79 kwa 100. Waliotokwa damu kwa kiwango cha tatizo, chuma 23 kwa 100, tishu 5 kwa 100. Kwa hiyo ukikaa na daktari wako wa upasuaji, iwe pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar au kokote, mwambie wazi kama unataka watoto na unataka wangapi. Usione aibu, hilo ndo la kwanza anatakiwa kulijua.

Haya, tuseme chuma kimeshawekwa na mimba imeshaingia.

Dawa: kidonge au sindano

Warfarini kwa mama ndo mlinzi mzuri kuliko wote. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2000 yalikuta kina mama waliobaki kwenye warfarini mimba nzima, damu iliganda kwenye valvu au donge likaruka mwilini kwa karibu 4 kwa 100, waliohamia heparini (dawa ya kazi hiyo hiyo ila ya sindano) miezi mitatu ya kwanza ikawa 9, na waliokaa na heparini mwanzo mwisho ikafika 33. Thelathini na tatu! Hiyo ni heparini ya kawaida, tena nyingi enzi za upimaji wa hovyo, lakini namba inatisha.

Shida ni kwamba warfarini inavuka kondo inaenda kwa mtoto na heparini haivuki. Wiki ya 6 mpaka ya 12 inaweza kumharibia mtoto pua na mifupa, na hatari inapanda na dozi, ndo maana mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2018 unaweka mstari kwenye miligramu 5 kwa siku. Unayetosheka na 5 au chini yake unaweza ukabaki nayo ukiwa umeelezwa na umekubali, unayehitaji zaidi wanafikiria kukuhamishia sindano hizo wiki za mwanzo. Na hapo kwenye kuhamishiwa sindano nataka nisimame. Ile sindano ya tumboni, enoksaparini, nayo jamii ya heparini, wengi wanaijua kwa jina la Clexane, kwa mwenye valvu ya chuma haitolewi kwa kukadiria. Inatakiwa ipimwe damu masaa 4 mpaka 6 baada ya kuchoma, kipimo kinaitwa anti-Xa, na dozi inapandishwa kadiri mimba inavyokua. Kwenye ile rejista waliogandisha valvu walikuwa 10, na nusu yao iliwapata miezi mitatu ya kwanza, wote watano wakiwa wamehamishiwa heparini. Kwa hiyo kama unapoishi hamna anti-Xa, na sehemu nyingi hamna, ukiambiwa "tunakuweka kwenye Clexane ndo salama kwa mtoto", uliza: mtaipima wapi?

Vile vidonge vipya ambavyo watu wa mjini wanavipenda kwa sababu havina kupima INR (kipimo cha damu inakawia kiasi gani kuganda), dabigatrani, apiksabani, hivyo kwa valvu ya chuma sahau hata bila mimba. Dabigatrani ilijaribiwa, utafiti ukasimamishwa, majibu yakatoka 2013, valvu ziliganda na damu ikatoka kuzidi warfarini. Apiksabani nayo utafiti wake ukasimamishwa 2022.

Kufika wiki ya 36 ndo pazia linabadilika kwa wote. Warfarini inaachwa, unaingia kwenye sindano, na karibu na siku yenyewe, kama masaa 36 kabla, unalazwa na kuwekewa heparini ya dripu inayoenda kwa pampu. Kwa nini dripu? Kwa sababu Clexane dozi kamili ukishachoma mi siwezi kugusa mgongo wako mpaka masaa 24 yapite, na ile heparini ya dripu ikifungwa ni masaa 4 mpaka 6 tu, napima aPTT, kipimo cha kuganda kwa aliye kwenye heparini, ikiwa imerudi kawaida naendelea. Halafu kukitokea balaa ina dawa yake ya kuifuta, protamini, inayofuta heparini yote ila Clexane inaifuta sehemu tu. Huo ndo ushindi mzima wa dripu: unaiwasha na kuizima kama bomba.

Kusukuma au kisu

Watu wengi, hata baadhi yetu wa kazini, wanaamini moyo mbovu maana yake kisu. Sio hivyo. Kwa wagonjwa wa moyo walio wengi njia ya kawaida ndo chaguo la kwanza: damu inayotoka ni kama nusu lita wakati kwenye kisu ni kama lita nzima, hakuna kidonda kikubwa cha kuvuja ukirudishiwa dawa, na maambukizi ni machache, jambo ambalo kwa mwenye valvu bandia sio dogo maana mdudu akikaa kwenye valvu kumtoa ni vita. Rejista hiyo hiyo ilipoangalia waliopangiwa kisu na waliopangiwa kuzaa kawaida haikukuta faida kwa mama, na watoto wa kisu walizaliwa mapema kidogo na wadogo kidogo.

Lakini valvu ya chuma ina lake, na hapa ndo wenzangu tunabishana sana kwenye chai: masaa bila dawa. Chukua karatasi tupige hesabu.

Kisu cha kupanga: dripu ya heparini inafungwa saa 8 usiku, saa 2 asubuhi nachoma ganzi, saa 3 tumemaliza, damu ikiwa imetulia dripu inarudi kama saa 9 alasiri. Masaa 13.

Mzazi wa kwanza anayeanzishiwa uchungu na anataka epidurali (ganzi ya mrija mgongoni): dripu inafungwa saa 12 asubuhi, saa 5 mrija unaingia mgongoni, uchungu unaenda unaenda, anajifungua saa 4 usiku, natoa mrija saa 5, dripu inarudi saa 9 usiku. Masaa 21. Na hapo nimekuwa mkarimu, kuna mlango wa uzazi unaogoma mpaka kesho yake.

Mzazi wa tatu na epidurali hiyo hiyo: amefunga saa 12 asubuhi, amezaa saa 9 alasiri, amerudishiwa saa 2 usiku. 14, karibu sawa na kisu, na tumbo halijaguswa.

Mzazi wa tatu bila epidurali: dripu inaachwa iendelee mpaka uchungu umekolea, inafungwa masaa manne kabla ya kadirio la kujifungua, inarudi manne mpaka sita baada. Inakuja 8 mpaka 10.

Unaona sasa? Huwezi kusema "kawaida ni bora" ukaishia hapo. Kwa aliyeshazaa, mlango wa uzazi umeshalainika, valvu iko upande wa aota (mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini) na moyo unapampu vizuri, mi napiga kura ya kawaida bila kusita. Kwa mzazi wa kwanza mwenye valvu upande wa mitrali (kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), ambako damu inapita taratibu kwa hiyo inaganda kirahisi zaidi (ndo maana hata INR yao inatakiwa juu, 2.5 mpaka 3.5), mlango mgumu kama pua, hapo kisu cha kupanga asubuhi timu nzima ikiwepo sio ushamba, na hata mwongozo wa Ulaya unakiruhusu kwa sababu hiyo hiyo ya kufupisha muda bila dawa.

Ukienda kwa njia ya kawaida yapo ya kufanya. Mama alale ubavu wa kushoto, sio chali, mfuko wa uzazi usibane mshipa mkubwa. Mwisho asiachwe asukume mpaka macho yatoke, anasaidiwa na vakyumu, kile kikombe cha kumvuta mtoto, maana kila kusukuma kwa nguvu kunayumbisha presha na kila mfuko unapojibana unarudisha damu kama mililita 300 mpaka 500 kwenye moyo. Baada ya mtoto kutoka ndo mzigo mkubwa kuliko wote unaingia moyoni, kwa hiyo wale mnaopumua baada ya "hongera mama", mi ndo naanza kukaza macho kwenye monita.

Na kuna hali moja ambayo haina kuchagua. Uchungu ukianza mama akiwa bado kwenye warfarini, au ameiacha chini ya wiki mbili, ni kisu. Damu ya mama unaweza ukairekebisha kwa plazma (maji ya damu ya mchangiaji) na vitamini K, ya mtoto haikufuati, ini lake changa linakaa na hiyo dawa siku nyingi, sasa akipita kwenye nyonga na kichwa chake laini anaweza akavuja ndani ya ubongo. Vakyumu hapo ndo kabisa usiiguse.

Nilikuwa zamu siku moja, hospitali siitaji, akaja dada wiki ya 35, uchungu umemuwahi. Kadi ya kliniki imeandikwa "amefanyiwa upasuaji wa moyo", basi, hakuna zaidi. Mkunga wa zamu mtu mzuri tu, mchapakazi, akamchoma pethidini ya paja apunguze maumivu kama anavyomchoma kila mtu. Nimeitwa kuangalia kama anafaa epidurali, nakuta paja limevimba gumu kama gunia, rangi ya zambarau inashuka mpaka karibu na goti. Nikamuuliza, dada unameza nini? Akafungua pochi, chini ya kanga na soksi za mtoto akatoa kichupa cha warfarini, jana usiku kameza. Hakuna aliyemuuliza, na yeye alijua tunajua. Tukakimbia kisu, nusu kaputi, plazma mbili zinaingia na ya tatu inayeyushwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Walitoka wote wawili. Lile paja lilichukua wiki kadhaa.

Ndo maana nasema sindano za msuli kwa huyu mama hakuna, na hapo kuna mtego mwingine, ile oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 ya paja, ambayo kila mzazi anachomwa mtoto akitoka. Mikono yetu imeizoea, inaenda yenyewe. Huyu inaingia kwa dripu, taratibu, kwa sababu ukiisukuma kwa mkupuo hata kwenye mshipa presha inaporomoka na moyo unakimbia. Ergometrini kwake iweke mbali, inabana mishipa. Misoprostoli, nayo ya kukaza mfuko, inaweza kusaidia.

Ganzi: tatu, na kila moja ina bei yake

Epidurali ndo naipenda kwa mwenye moyo akizaa kawaida, na hata kisu ukitaka kwenda pole pole. Mrija mwembamba unabaki mgongoni, dawa inaingia kidogo kidogo, presha inashuka taratibu unaiwahi. Maumivu yakiondoka adrenalini ya mwilini inapungua, moyo haukimbii, na kwa valvu ya mitrali moyo kukimbia ndo adui namba moja kwa sababu chumba hakipati muda wa kujaa. Tena uchungu ukigoma, mrija huo huo unaongezewa dawa ya nguvu unaingia nao thieta. Bei yake umeshaiona: masaa. Na jingine, tuwe wakweli, hospitali nyingi za umma kwetu hazina epidurali ya leba. Kama unaitaka uliza wiki ya 28, sio mlangoni.

Spinali, ile ya mara moja, ndo inayojulikana kila wilaya. Sindano nyembamba, dakika tano miguu imelala, mama yuko macho anamsikia mtoto akilia. Kwa mwenye valvu ya chuma ambaye moyo wake unapampu vizuri, na dripu imefungwa na vipimo vimerudi, ni nzuri kabisa na mimi naitumia. Inachonikera ni kasi yake: mishipa inalegea kwa mpigo presha inaenda chini kama ndoo kisimani, na aliyebana pumzi kwa moyo dhaifu au presha kubwa ya mapafu hana akiba ya kuvumilia hilo. Fenilefrini iwe tayari imevutwa kwenye bomba la sindano, sio kwenye kabati, maana inainua presha bila kuukimbiza moyo. Ifedrini tunayo kila mahali ila inakimbiza.

Zote mbili za mgongo zina sharti lile lile na halina undugu: damu iwe imerudi kuganda. INR chini ya 1.5, heparini ya dripu masaa 4 mpaka 6 na aPTT kawaida, Clexane dozi kamili masaa 24. Aspirini ya dozi ndogo peke yake hainizuii. Nikivunja sharti damu inaweza kuvujia karibu na uti wa mgongo, ikabana mishipa ya fahamu. Dalili yake ni ya kijinga sana, miguu inakawia kuamka, au ilishaamka ikalala tena, na mgongo unauma. Mama akisema "dada, miguu mbona bado" na masaa manne yamepita, usimwambie ni kawaida mama pumzika. Hiyo ni picha ya MRI na daktari wa mishipa ya fahamu, na muda ni kama masaa 8 kabla ya kilema cha kudumu. Na kuutoa mrija ni sawa na kuuingiza, masharti ni yale yale, watu wanalisahau hili, wanawasha heparini halafu kesho wanauvuta.

Nusu kaputi inasemwa vibaya sana mtaani, eti ndo ya kufa. Kwa huyu mama mara nyingine ndo inayookoa: damu bado nyepesi na mtoto anatakiwa sasa hivi, au mapafu yamejaa maji hawezi kulala chali, basi hakuna mjadala. Haijali INR. Mbaya zake zipo. Wakati wa kuingiza mrija wa kooni presha na mapigo vinaruka, kwa hiyo anapewa fentanili, dawa kali ya maumivu, ya kutosha kwanza, na mtu wa watoto anaambiwa mapema kwamba mtoto anaweza kutoka na usingizi. Koo la mjamzito limevimba, chakula kinarudi kirahisi. Na gesi za usingizi zinalegeza mfuko wa uzazi, sasa mfuko uliolegea plus damu nyepesi, unaelewa mwenyewe. Ketamini ambayo tunaipenda kwa presha ndogo, hapa inakimbiza moyo, naiacha mpaka nikose jingine.

Nikilazimishwa kupanga: moyo imara, dawa zimefungwa kwa mpango, kisu, naenda spinali. Moyo dhaifu au mapafu yana presha, dawa zimefungwa, epidurali ya pole pole. Dawa haijaisha mwilini, nusu kaputi, sibishani na mtu. Leba na epidurali haipo? Fentanili kidogo kidogo ya mshipani mama akiangaliwa pumzi, au gesi ya kuvuta kama ipo, ila pethidini ya paja hapana.

Baada ya hapo

Aliyezaa kawaida bila kuchanika anarudishiwa heparini masaa 4 mpaka 6, wa kisu tunavumilia zaidi, sita mpaka hata kumi na mbili tukiangalia kidonda na mchirizi, halafu warfarini inaanza tena na heparini haifungwi mpaka INR ifike. Hizi siku ndo za hatari pande zote mbili, anaweza kuvuja na anaweza kuganda, wiki ile ile. Na ndugu wanakuja na uji wa pilipili manga wanamwambia aache vidonge anyonyeshe. Warfarini haipiti kwenye maziwa kiasi cha kumdhuru mtoto, heparini vile vile, nyonyesha. Kuhusu antibiotiki wakati wa leba, kwa kisu kila mtu anapewa, kwa njia ya kawaida wakubwa wenyewe hawajakubaliana, Wazungu wa Ulaya wanasema sio lazima na sehemu nyingi mwenye valvu bandia bado anapewa. Mi simkatalii. Uzazi wa mpango, vyenye estrojeni hapana, kijiti ni sawa.

Na ile tik tik uizoee. Usiku ukilala ubavu wa kushoto kukiwa kimya, isikilize. Siku ikififia au ikipotea, hasa kama pumzi imekuwa fupi, usisubiri kliniki ya jumatatu, nenda ukapigwe eko, ile picha ya moyo, usiku huo huo, mimba au siyo mimba.

Kwenye begi la leba, juu kabisa, juu ya kanga na soksi, weka karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa: valvu ya chuma, mitrali au aota, mwaka iliyowekwa na wapi, dozi ya warfarini na siku ya kidonge cha mwisho, sindano ya mwisho ya tumbo tarehe na saa, INR ya mwisho, HAKUNA SINDANO ZA MSULI, na namba ya daktari wako wa moyo, ile anayopokea usiku.